Ufunguo Ulikuwa Ng'ambo

Tindo aliapa mbele ya kaburi la mkewe kwamba mguu wake hautalikanyaga tena lile daraja, na kiapo hicho alikishika vizuri mpaka siku walipokuja kumwomba akate utepe.

Walikuja wawili. Alitangulia mhandisi, mwanamke kijana mwenye buti za mpira, kofia ya kazi kaibana kwapani. Nyuma yake alifuata kijana wa ofisi ya Mkurugenzi, shati limepigwa pasi hadi linakaribia kukata mtu. Walimkuta mzee uani, amekalia kigogo, anasugua sufuria. Tangu mkewe afariki, kila alichopika kilishika chini.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Kama mmefuata kura, sipigi. Kama ni mchango, nimeshachanga. Nimemtoa mke."

Mhandisi aliyekuwa ameanza kutabasamu akalimeza tabasamu lake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee," yule kijana akajitosa, "Mkurugenzi anakusalimu sana. Daraja letu la kihistoria limekamilika kukarabatiwa, bado kuondolewa kiunzi cha mbao kinacholishikilia tu. Na katika wale waliolijenga, tumeambiwa umebaki wewe peke yako. Kwa hiyo ofisi imeona ni heshima kubwa kwamba wewe..."

"Daraja lenu?"

"Letu sote, mzee."

"Ahaa. Siku ya kulifunga lilikuwa lenu. Siku ya sherehe limekuwa letu sote."

Kijana akatazama viatu vyake. Tindo akaendelea kusugua.

Daraja lenyewe lilijengwa mwaka wa njaa. Serikali ilitangaza kazi za umma: anayetaka unga aje na mikono yake miwili. Watu wakaja kutoka kila upande, wengine hawajawahi hata kushika nyundo. Wanaume walichonga mawe, wanawake waliponda kokoto na kubeba mchanga kutoka mtoni. Likanyanyuka tao moja pana juu ya maji, ndani zege, nje mawe ya kuchongwa, kama mtu aliyevaa koti la harusi juu ya shati la kazi. Tindo alipatia jina lake pale. Alikuwa kijana asiyetengana na tindo lake la kuchongea. Alikula nalo ubavuni na kulala nalo chini ya mto.

Nyapara wao, mtu mrefu mkavu waliyemwita Timazi, jina la uzi wa waashi wa kupimia ukuta, kwa jinsi alivyosimama wima, alikuwa na sheria yake moja. Haikutoka serikalini, ilitoka kwa mafundi waliomfundisha kazi. Siku ya kugonga kabari, yaani kulegeza kiunzi cha mbao kilicholishikilia tao na kuliacha lijibebe, kila aliyelaza jiwe anakaa chini yake. "Asiyeliamini jiwe lake aseme sasa," Timazi alisema, "achukue unga wake aende kwao." Wakubwa walikaa ukingoni, mbali, kwenye viti. Mafundi wakashuka, wakakaa kwenye kokoto chini ya tao na kutazama juu kama vifaranga.

Wanawake hawakuitwa. Lakini mmoja alishuka, karai bado liko kichwani, akamsogeza Tindo kwa nyonga akaketi.

"Wewe umelaza jiwe gani?" Tindo alimuuliza.

"Kokoto zote za ndani ni zangu. Nyie mmelipamba uso tu."

"Na likituangukia?"

"Tutazikwa pamoja. Nani atasumbuka kuchimba mara mbili?"

Kabari zikagongwa. Tao likakohoa mara moja, vumbi likawamwagikia vichwani, likatulia. Tindo alitazama nywele za yule msichana zilivyogeuka nyeupe ghafla, akajiona anamtazama akiwa bibi kizee. Akapenda alichokiona. Kabla mvua hazijaanza alikuwa ameshatuma watu kwao.

Mkewe alizeeka kweli, lakini hakufika mbali. Miaka ikaenda, mawe ya uso yakaanza kutokeza tumbo upande mmoja, ufa ukaonekana, na wakubwa wakalitibu kwa dawa yao ya siku zote, yaani kamati. Kamati ikazaa kamati nyingine. Halafu siku moja watu waliamka wakakuta geti la chuma upande huu na geti la chuma upande wa pili, marefu, yamevalishwa waya wa miiba, na kufuli kubwa. Magari ya mradi yalipita. Gari la Mkurugenzi wa wakati ule lilipita, maana ng'ambo ndiko ofisi iliko. Mwananchi azunguke barabara ya bondeni, safari ya kuchosha hata mtu mzima.

Mkewe alishikwa na kifua Jumapili. Majirani walimbeba kwa kitanda mpaka getini. Hospitali iko pale ng'ambo, paa lake la bati unaliona. Mlinzi alikuwa peke yake. Aliwaambia anayo amri lakini hana ufunguo. Ufunguo uko ofisini, ofisi iko ng'ambo, na leo ni Jumapili. Alipiga simu tena na tena, hakuna aliyepokea. Vijana waliligonga kufuli kwa jiwe, jiwe likapasuka, kufuli likabaki linawatazama. Wakageuza kitanda, wakashika njia ya bondeni. Alikata roho kabla hawajafika chini kabisa, uso kaugeuzia lile paa.

Tindo hakumlaumu mlinzi. Yule maskini alilia kuliko wafiwa. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, nani aliyefikiri, akiwa na akili zake timamu, kwamba ufunguo wa geti la upande huu ukae upande ule. Alikwenda ofisini akauliza. Akaambiwa aandike. Hakujua kuandika sawasawa, akarudi nyumbani. Tangu hapo aliwaambia watu sokoni, msikitini, kanisani, popote penye masikio, kwamba daraja halikuwa na kosa lolote. Yeye kalijenga, yeye analijua. Walilifunga bure, na mke wake alikufa bure.

"Nitawakatia huo utepe," alisema sasa, akaiweka sufuria kando. "Lakini siku ya kugonga kabari Mkurugenzi aje akae na mimi chini ya tao. Akikaa, nitakata utepe hata kwa meno."

Kijana wa ofisini alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Haiwezekani, mzee! Kuna taratibu za usalama."

"Usalama wa nani? Sisi tulipokaa, taratibu zilikuwa zimesafiri?"

"Siku hizi hatumkalishi mtu chini, baba," mhandisi alisema taratibu. "Hata mimi sikai."

"Basi huliamini."

"Naliamini. Lakini siwezi kuweka roho ya mtu iwe kipimo cha kazi yangu." Akasita, kisha akaongeza, "Tulipofungua mawe ya uso tulikuta maji yameingia nyuma. Zege la ndani lilikuwa limelowa kama mkate. Kulifunga ilikuwa lazima, mzee wangu. Lingeua watu."

Tindo akasimama. Magoti yalilia.

"Zege la ndani, unasema. Unajua ni kokoto za nani zile?"

"Kokoto hazikuwa na kosa. Maji ndiyo yaliyokosa njia ya kutokea."

"Kwa hiyo mke wangu alikufa kihalali."

"Sikusema hivyo. Ufunguo si mimi niliyeuweka ng'ambo."

"Hakuna aliyeuweka. Uliota wenyewe kule, kama uyoga."

 Mhandisi aliaga kwa heshima, akaondoka na kofia yake kwapani.

Binti wa Tindo alipopata habari alikuja mchana ule ule, hajavua hata futi yake ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni. Alikuwa fundi wa kushona, ana duka dogo upande huu wa mto, na mimba yake ilikuwa imeshuka. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo isiyotakiwa kumwagika.

"Baba, umewakatalia?"

"Nimewapa sharti."

"Sharti lako si wanalicheka tu! Baba, mimi ni mtu wa leo kesho. Hospitali iko ng'ambo. Unataka na mimi nibebwe kwa njia ya bondeni?"

 Mzee akaliangalia lile tumbo, akaangalia pembeni.

"Mimi nataka wafungue," binti akasema. "Utepe akate nani, hiyo ni juu yenu. Wafungue tu."

"Wale watu hawajasema hata pole, mwanangu."

"Najua. Na mimi sijasahau, baba. Alikuwa mama yangu."

Alimwoshea ile sufuria kabla ya kuondoka. Haikutakata.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa ukingoni, viti vikapangwa, kipaza sauti kikapiga kelele za kupima. Wakubwa walikuwa wametaka mambo yote yawe siku moja: kabari zigongwe asubuhi mbele ya watu, utepe ukatwe baadaye jua likipanda, picha zipigwe za kutosha. Mhandisi alikuwa amepinga, lakini nani alimsikiliza. Chini ya tao mafundi walikuwa wameshika nyundo, wanangoja ishara yake.

Badala ya ishara wakamwona Tindo. Aliteremka kwa kinjia cha zamani cha wabeba mchanga, kile kigogo chake cha uani kakipakata kama mtoto. Alipita katikati ya nguzo za kiunzi, akachagua mahali, akakiweka chini, akakaa.

"Mzee, vipi tena?" msimamizi wa mafundi akauliza.

"Niko kazini. Gongeni."

"Hatuwezi kugonga ukiwa hapo."

"Basi ngojeni. Mimi nimezoea kungoja."

Mafundi wakashusha nyundo. Ukingoni watu wakaanza kunong'ona, kisha kunong'ona kukawa kelele. Kipaza sauti kikamwomba mzee wetu mpendwa apande juu, kuna kiti chake cha mbele, chenye mto. Mzee wetu mpendwa hakugeuza hata shingo. Mhandisi aliteremka, akamsihi. Tindo akamjibu kwa upole kwamba hana ugomvi naye, amwitie mwenye ufunguo.

Mwishowe Mkurugenzi akashuka mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa huruma, amevalishwa kofia ya kazi isiyomtosha. Tope lilikula viatu vyake vyote viwili. Alipofika alihema kwanza.

"Pole sana, mzee, kwa yaliyotokea."

"Limechelewa, lakini nimelipokea. Kaa."

"Mzee wangu, mimi nimehamishiwa hapa majuzi tu. Wakati ule nilikuwa kituo kingine kabisa. Aliyefunga aliondoka."

"Kaenda wapi?"

"Alihamishwa."

"Ninyi mnahamishwa," Tindo alisema. "Sisi tunazikwa. Kaa, baba. Hujalaza jiwe, lakini unakula matunda yake. Kaa kidogo tu."

Mkurugenzi alitazama ukingoni. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Akatoa leso, akaitandika juu ya jiwe, akakaa kwa shingo upande. Lazima tumpe haki yake, alikaa. Akainua macho juu kwenye tao.

Hapo fundi mmoja, jasho limemlegeza kiganja, akaangusha nyundo kwenye mbao. Ko!

Mkurugenzi aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Kofia ikagonga boriti, ikamshukia puani. Kicheko kilichotoka ukingoni kilijaza bonde zima. Waliokuwa na simu walishapiga picha. Akapanda kinjia bila kuaga, leso yake imebaki jiweni.

Tindo hakucheka. Aliingoja siku hii muda mrefu, alijipikia maneno ya kumwambia mtu huyu mchana na usiku, na sasa alipompata alikuta ni mtu mwoga wa kawaida, aliyeletwa majuzi. Ile hasira ikakosa pa kukaa. Akabaki peke yake na mafundi, na maji yanapita.

Kisha akaona watu wa ukingoni wanapisha njia. Binti yake alikuwa anashuka. Alishuka kwa ubavu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika majani, na kila mwenye moyo aliyemwona alishika pumzi. Alifika, akaiokota ile leso, akaikung'uta, akakaa palepale alipokaa Mkurugenzi.

"Unafanya nini?" Tindo akasema.

"Nimekuja kukaa na baba yangu." Akageuka kwa msimamizi, akapaza sauti, na ilikuwa sauti ya mama yake kabisa, ile ya kuita watu chakula. "Haya, gongeni!"

Msimamizi akamtazama mhandisi. Mhandisi akatikisa kichwa.

"Gongeni, nimesema! Si baba yangu huyu kalijenga? Si amesema halina kosa? Amewaambia watu mji mzima walilifunga bure. Mimi namwamini baba yangu."

Tindo akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu akae pale alilitazama tao kweli. Alitafuta mawe yake akayapata, akayajua moja moja kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Halafu macho yakaondoka kwenye mawe yenyewe. Yakaenda kwenye viungo, yakafuata kiraka kirefu cha saruji mpya kilichopanda kutoka bega la tao mpaka karibu na kilele. Ule ulikuwa ufa. Ulikuwa ufa mkubwa. Alikuwa amekaa chini yake asubuhi nzima bila kutaka kuuona. 

"Nyanyuka," akasema.

"Kwa nini?"

"Nyanyuka, mama. Nakuomba."

"Halina kosa, baba. Umesema."

"Nimesema mengi." Alikuwa ameshasimama, kamshika mkono. "Twende juu. Hapa si mahali pako. Twende."

Alimtoa mbele yake kama mtu anayetoa mtoto kwenye moshi. Kigogo kikabaki. Walipofika katikati ya kinjia binti alisimama kuvuta pumzi, na mzee akasimama naye, kampa mgongo.

"Kulifunga," alisema, na neno lilitoka kama jino, "walikuwa sawa kulifunga. Hilo nawapa."

Binti akamwekea mkono begani.

"Lakini ufunguo, mwanangu."

"Ufunguo, baba. Najua."

Mhandisi alitoa ishara. Nyundo zikalia pamoja, kabari zikaanza kulegea. Tindo alisikiliza akiwa kasimama ukingoni, mdomo wazi. Tao likakohoa mara moja, kama zamani. Vumbi likamwagika juu ya kigogo kitupu. Likatulia, na mbao zikaachana na jiwe, mwanga mwembamba ukapita katikati.

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mkurugenzi, ambaye alikwishafutwa tope, akajikaza kisabuni, akasogea na mkasi juu ya sinia.

"Mzee, tafadhali. Ni haki yako."

Tindo hakuushika. Alikuwa anatazama nyuma ya utepe. Geti la chuma lilikuwa bado lipo, limefunguliwa na kulazwa ubavuni mwa ukuta wa daraja, limepakwa rangi mpya. Kufuli lile lile lilining'inia kwenye komeo lake, limebanwa.

"Lile mbona halijatoka?"

"Tumeliacha kwa matumizi ya baadaye," yule kijana wa shati akasema. "Kama itatokea dharura."

"Dharura. Ufunguo wake uko wapi?"

Kijana akapapasa mfuko. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama wa tatu. Wote wakajipapasa kama watu walioingiwa na siafu, na Mkurugenzi akageuka kuwaangalia mmoja mmoja. Mwishowe kijana akasema kwa sauti ndogo, "Uko ofisini."

Hakuna aliyemuuliza ofisi iko wapi. Wote pale walijua. Mwanamke mmoja katika umati, mmoja wa majirani waliobeba kile kitanda, akaangua kilio.

Mhandisi hakungoja amri. Aliwaita mafundi wake wawili, wakaja na mtaimbo na msumeno wa chuma. "Ling'oeni. Na la ng'ambo pia." Mkurugenzi akawapisha. Chuma kililia, bawaba zikakatika, geti likaanguka kwenye majani kwa kishindo kilichowashtua hata waliolitazama likianguka. Kufuli lilikuwa bado limebanwa.

Utepe alikata Mkurugenzi. Picha zilipigwa, hotuba zikasomwa. Ndani yake palikuwa na historia na maendeleo na ushirikiano, na hapakuwa na ufunguo. Tindo hakuzisikia. Alikuwa ameshaanza kuvuka. Binti yake alimfuata kwa mbali, mkono kwenye ukuta wa mawe, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mzee alikumbuka kiapo chake akiwa amekwishafika juu kabisa ya tao, akasimama kidogo. Kisha akaendelea.

Kilichomchoma ni ukaribu. Alipoteremka upande wa pili, paa la bati lilikuwa pale, mbele ya macho. Mtu aliyebeba kitanda asingepata hata muda wa kubadilisha bega.

Mlinzi wa hospitali alikuwa kasimama getini, kijana mpole mwenye sare iliyompwaya.

"Karibu, mzee. Umekuja kumwona nani?"

"Nimemleta mke wangu," Tindo alisema.

Mlinzi akachungulia nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa mwanamke mjamzito aliyekuwa anakuja polepole, futi ya kupimia shingoni.

"Ni yule?"

"Siye. Yule ni binti yetu."

"Sasa mama yuko wapi?"

"Tulikuta pamefungwa," alisema Tindo. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasimama palepale mpaka binti yake alipomfikia.